Jinzi: Kitambaa, Mkato na Mvao

Kila mwaka, korosho zinapoanza kupimwa katika maghala na fedha zikaanza kuwafikia wakulima, hutokea katika nyumba zetu za Masasi na Newala mzozo ambao mtu wa mbali angeucheka, lakini sisi tulio karibu nao hatuucheki. Kijana aliyepalilia, akapuliza salfa, akaokota na kubeba magunia, hupewa fungu lake na wazazi wake. Naye siku ya pili huenda mjini akarudi na suruali ya jinzi. Baba akiitazama suruali ile hukunja uso. Mama hunyamaza, maana maneno yatakayofuata amekwisha kuyasikia mwaka jana na mwaka juzi. Na kabla ya jua kuchwa kijana ameitwa mhuni, baba ameitwa mtu wa zamani, na chakula cha usiku kimeliwa kimya kimya.

Lau mzozo huo ungekoma nyumbani, tusingeuleta katika ukurasa huu. Lakini tumeuona ukifika mpaka mlangoni mwa msikiti. Tumemwona kijana mwendesha bodaboda aliyesimamisha pikipiki yake kwa sababu amesikia adhana, akaambiwa mbele za watu kwamba suruali yake si ya kuingia nayo mle, aende akaibadili. Kijana yule hakubishana. Aliwasha pikipiki yake akaenda zake, na tangu siku ile hatukumwona tena safuni. Hapo tukajiuliza: ni nini hasa tulichokilinda siku ile, na ni nini tulichokipoteza?

Kwa maoni yetu, watu huchanganya mambo matatu wakayafanya moja. La kwanza ni kitambaa, la pili ni mkato, na la tatu ni mvao, yaani namna mtu anavyoivaa nguo yake, mahali gani na wakati gani. Wazee wengi hukichukia kitambaa, na hali kosa walionalo limo katika mkato. Vijana wengi hukitetea kitambaa, na hali wanaloambiwa ni mvao wao. Tukiyatenga mambo haya matatu, ugomvi mwingi utakwisha wenyewe, na baba na mwana wataweza kwenda sokoni pamoja.

Kitambaa

Tuanze na kitambaa, kwa kuwa ndicho kinachotuhumiwa zaidi, nacho ndicho chenye hatia ndogo kuliko vyote. Asili ya jinzi ni pamba. Hufumwa kwa mshazari, nyuzi za wima zikiwa zimetiwa nili na nyuzi za ulalo zikiachwa nyeupe. Ndiyo maana ukiigeuza suruali ndani nje huiona imepauka. Nili ile haizami mpaka kiini cha uzi bali hukaa juu juu, na kwa sababu hiyo jinzi hupauka kidogo kidogo mahali panaposuguliwa, kama magotini na mapajani.

Na nili si mgeni kwetu. Bibi zetu walivaa kaniki, na kaniki ni pamba iliyotiwa nili, iliyokuwa ikija kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Wala nguo ya kutoka Marekani si ngeni. Ile nguo iliyoitwa merikani ilipata jina lake kwa kuwa wafanyabiashara wa Marekani waliileta Unguja katika karne ya 19, ikasafiri na misafara hata bara. Wazee wetu waliivaa, wakasali nayo, wakaoa nayo.

Suruali ya jinzi yenyewe haikuzaliwa katika uhuni, ilizaliwa kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, fundi cherehani mmoja wa mji wa Reno huko Marekani, jina lake Jacob Davis, aliona kwamba mifuko ya suruali za vibarua inachanika upesi. Akagongea ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko ili ishike. Akashirikiana na muuza vitambaa wa San Francisco, Levi Strauss, nao wakapewa hataza ya kazi hiyo tarehe 20 Mei 1873. Walioivaa ni wachimba madini, wachunga ng'ombe na vibarua. Ilikuwa baadaye sana, katika miaka ya 1950, ndipo vijana wa Marekani walipoifanya vazi la matembezi; na wazazi wao wakakunja nyuso kama tunavyokunja sisi, na baadhi ya shule za huko zikaipiga marufuku. Basi baba wa Newala anayegombana na mwanawe juu ya jinzi asidhani kwamba yu peke yake duniani.

Tena jinzi zimeshonwa kwa mikono ya ndugu zetu wenyewe. Katika eneo la viwanda la Mabibo, Dar es Salaam, kiwanda kiitwacho Tooku kimeshona suruali za jinzi na kuzipeleka kuuzwa Marekani. Nasi watu wa mikorosho hatuhitaji kufasiriwa neno bibo. Kwa hiyo tusikilaumu kitambaa. Ni pamba, ni kigumu, kinadumu, na huwafaa watu wa kazi ngumu, ambao ndio sisi.

Mkato

Mkato ndio wenye maneno, na maneno hayo hayakuanza leo. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza mjini Dar es Salaam Januari 1969, kupinga sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua, na pamoja na hizo suruali za kiume za kubana. Vijana wa siku zile leo ni mababu, na baadhi yao ndio wanaowakemea wajukuu wao. Twajifunza hapo kwamba mkato hauondolewi kwa operesheni. Huondolewa na kijana mwenyewe, akishajua nguo njema ni ipi na ikoje.

Kosa la mkato ni la pande mbili. Upande mmoja ni kubana, suruali ikaganda mwilini kama ngozi ya pili. Upande wa pili ni ule mtindo waitao mlegezo, au kata kei, suruali ikaning'inia chini ya makalio na nguo ya ndani ikaonekana. Vijana hudhani hiyo ni mitindo miwili iliyo mbali mbali. Kwa fundi wa cherehani ni kosa moja tu: zote mbili ni suruali zisizomfaa mwenyewe.

Sasa, ni ipi ile inayomfaa mtu? Watu wengi huipima suruali wakiwa wamesimama wima mbele ya kioo. Lakini nani anayeishi amesimama wima mbele ya kioo? Mwokota korosho huinama na kuchuchumaa tangu asubuhi. Mwendesha pikipiki hutawanya miguu. Mwanafunzi wa chuoni hukaa mkekani amekunja miguu. Na kila Mwislamu hurukuu na kusujudu mara nyingi kwa siku. Basi suruali ipimwe kwa mwendo huo, si kwa kioo. Ivae, kisha fanya mambo manne: chuchumaa mpaka chini, kaa kitako ukunje miguu, inua goti kama unayepanda pikipiki, kisha iname kama mwenye kurukuu, na mwenzako asimame nyuma yako akutazame. Ikikukaba pajani, ikikuvuta msambani, au ikishuka nyuma hata ngozi ya mgongo ikaonekana, irudishe kwa muuzaji, hata ikiwa rangi yake imekupendeza namna gani.

Jambo la nyuma ya kiuno si dogo. Sitara ya mwanamume katika swala ni baina ya kitovu na magoti. Suruali ya kiuno kifupi, ikivaliwa na shati fupi, hufunua sehemu hiyo mtu anaposujudu. Na hapo jambo si la urembo tena, ni la kusihi au kutosihi kwa swala yake. Ama ile ya kubana, wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema kwamba nguo ifichayo rangi ya ngozi yatosha kwa swala, lakini wameichukia ile inayochora umbo la viungo. Kwa hiyo yule kijana wa mlangoni mwa msikiti, kama suruali yake ilikuwa pana na imefika kiunoni, hakuwa na kosa lolote.

Na kubana kuna madhara ya mwili vile vile. Mwaka 2015 madaktari wa Adelaide, Australia, waliandika habari ya mwanamke wa miaka 35 aliyechuchumaa saa nyingi akitoa vyombo makabatini hali amevaa jinzi ya kubana. Miguu ilikufa ganzi akaanguka njiani. Mashavu ya miguu yakavimba hata suruali ikabidi kukatwa, naye akalazwa siku nne. Tunaitaja habari hii kwa sababu kuchuchumaa saa nyingi ndiyo kazi yetu katika miezi ya korosho.

Vipimo

Haya sasa ni maneno ya fundi, nasi tunayaandika kwa urefu kwa kuwa ndiyo yaulizwayo na vijana.

Katika kibandiko cha ndani ya kiuno cha suruali huandikwa namba mbili, zote kwa inchi. Ya kwanza, yenye herufi W, ni kiuno. Ya pili, yenye herufi L, ni urefu wa mshono wa ndani wa mguu, kutoka msambani hadi kwenye upindo. Usiziamini sana. Kila kiwanda kina upimaji wake, na suruali iliyofuliwa mara nyingi imekwisha kubadilika. Chukua futikamba ya fundi ukapime mwenyewe: funga kifungo, laza suruali, pima kiuno kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha zidisha kwa 2.

Kiuno kinachofaa ni kile kinachokaa bila mkanda na bado vidole viwili vikapita kati ya nguo na tumbo. Mkanda ni wa kusaidia. Suruali iliyoshikwa na mkanda peke yake imekushinda. Kwenye paja uweze kuifinya nguo kwa vidole kiasi cha inchi moja au zaidi. Chini, upindo ukome kwenye vifundo vya miguu. Mafundisho ya dini yametuonya juu ya kuburuta nguo kwa majivuno, na vumbi jekundu la Newala nalo lafundisha hivyo hivyo, kwani upindo uburutao huliwa na ardhi kwa muda mfupi.

Wapo wapimao kiuno kwa kuizungusha suruali shingoni. Ncha mbili zikikutana nyuma husema yatosha. Ni njia ya haraka sokoni ambako hakuna chumba cha kubadilia, lakini huwadanganya wenye shingo nene na wenye matumbo. Njia iliyo bora ni kwenda na kipande cha uzi kilichopimwa nyumbani kwenye ile suruali yako inayokukaa vizuri kuliko zote, na mafundo mawili: moja la kiuno, moja la urefu wa mguu. Uzi huo haugharimu kitu.

Kuchagua mtumbani

Wengi wetu hatununui jinzi mpya dukani, bali hununua mitumba, wala hapana aibu. Nguo hizi ziliingia nchini kwa wingi tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, baada ya miaka mingi ya uhaba wa nguo madukani. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikusudia kuziondoa kidogo kidogo ili viwanda vyetu vikue. Rwanda ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Wengine wakalegeza. Basi robota, au belo kama waitavyo wafanyabiashara, zikaendelea kufunguliwa katika magulio yetu.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini mtumbani asiyechagua hupata kifuu. Mwenye kuchagua na afuate mpango huu. Igeuze suruali ndani nje. Tazama kwanza mshono wa msamba, maana ndipo jinzi inapokufa mapema. Uvute kwa mikono miwili, na nyuzi zikionyesha meno, iache. Kisha iinue kwenye mwanga, utazame makalioni na magotini. Penye mwanga unaopenya pamekwisha kulika. Panda na kushuka zipu mara tatu. Tazama kifungo kimeshika au kinacheza. Mwisho inuse, kwa kuwa harufu ya ukungu iliyozama ndani ya jinzi ni kazi kuitoa.

Usinunue iliyochanwa kwa makusudi. Twajua kwamba ni mtindo. Lakini mtu aliyekuuzia matundu kwa bei ya nguo amekuchezea. Na ile iliyopaushwa kiwandani, mara nyingine ilipaushwa kwa kupigwa mchanga kwa nguvu ya hewa, na vumbi la mchanga ule limewaua wafanyakazi kwa maradhi ya mapafu, hata Uturuki ikaipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Nunua iliyokolea rangi, uipaushe wewe mwenyewe kwa jasho la halali.

Kuna na jinzi zenye nyuzi za mpira, zinazovutika. Hizo hurahisisha kuchuchumaa, nazo hazina ubaya zikiwa pana. Ila mpira huchoka kwa jua na maji ya moto, na ukishachoka suruali hulegea magotini wala hairudi.

Ya kazi

Anayeweza kununua mbili, anunue mbili: ya kazi na ya mapumziko. Asiyeweza, anunue moja nzuri ya mapumziko, na ile ya zamani aishushe iwe ya kazi.

Shambani yatakiwa jinzi nene na pana. Maji ya bibo hutia doa lisilotoka, na mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Kitambaa kinene hukinga. Wakati wa kupuliza salfa, katika miezi ya kipupwe, suruali ndefu ni kinga vile vile, lakini unga ule haufai kuingia nao nyumbani penye watoto. Suruali ya salfa iachwe nje, ifuliwe peke yake.

Mwendesha bodaboda namshauri nani kama si baba yake? Nasi kwa kuwa wengi wao tuliwafundisha alifu na bee, twasema nao kama baba. Mwanangu, jinzi nene itakuokoa ngozi siku utakayoteleza kwenye kokoto. Ile nyembamba ya kubana itachanika na ngozi yako pamoja. Chagua yenye paja pana na mifuko mirefu, fedha za watu zisianguke. Na chini ya kiti cha pikipiki weka msuli safi uliokunjwa. Adhana ikikukuta na suruali ina mafuta na vumbi, ufunge msuli juu yake usali. Najisi ikiwa imeingia, ivue kabisa uvae msuli peke yake. Hapo hakuna atakayekurudisha mlangoni, nawe hutakuwa na udhuru.

Fundi ujenzi na fundi makanika watazame goti. Goti ndilo linaloanza kuchoka, na kiraka kilichotiwa kwa ndani mapema, kabla ya tundu kutoboka, huongeza maisha ya suruali. Fundi cherehani wa barazani anajua kazi hiyo, naye hula kwayo, mpelekeeni.

Ama ofisini, tahadhari. Serikali ilitoa waraka mwaka 2007 juu ya mavazi ya watumishi wa umma, na katika ofisi nyingi utaona picha mlangoni za mavazi yasiyotakiwa. Kijana aitwaye katika mahojiano ya kazi asiende na jinzi hata iwe mpya namna gani. Avae suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi. Akishaajiriwa aulize desturi ya mahali pale kabla hajaivaa. Nguo iliyo njema mahali pasipo pake hugeuka kuwa mbaya.

Ya mapumziko, na ya jandoni

Ya mapumziko iwe ya rangi iliyokolea, ya buluu nzito au nyeusi, isiyo na maandishi makubwa wala minyororo. Rangi hiyo hukubaliana na shati jeupe, na fulana, hata na kanzu fupi. Kijana aliyevaa jinzi nzito iliyomkaa, na shati safi lililofika chini ya kiuno, na viatu vilivyopigwa rangi, amependeza kweli kweli. Wala tusione haya kulisema hilo. Dini haikutuamrisha tuwe wachafu wala tusiopendeza. Imetuamrisha tujipambe bila israfu na bila majivuno.

Neno kwa wazazi wenye watoto wa jandoni. Siku ya kutoka, mtoto huvikwa nguo mpya, na siku hizi nguo hiyo mara nyingi ni jinzi. Wazazi wengine humnunulia inayombana ili apendeze siku moja, na baada ya miezi michache haipandi. Nunua iliyozidi kwa urefu kidogo, kisha fundi akunje upindo kwa ndani bila kukata, kiasi cha inchi mbili au tatu. Mtoto akirefuka, fungua upindo. Kiuno nacho kipunguzwe kwa mshono wa nyuma, kisikatwe. Hivyo suruali moja yaweza kumchukua mtoto muda mrefu zaidi, na shilingi iliyobaki ikaingia katika daftari za shule.

Wala msikopeshe wala kuazima. Tumesikia vijana wakipeana jinzi moja watu watatu, wa kiuno tofauti, kwa ajili ya harusi. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri makalio, na sijui kama walikuwa wameona jinzi.

Kufua

Jinzi ni mnywaji mkubwa wa maji, na maji ya uwanda wa Makonde tangu enzi ni ya tabu. Kwa bahati njema jinzi haipendi kufuliwa kila siku. Ya mapumziko, kama haikuingia najisi wala uchafu, yaweza kuvaliwa mara kadhaa ikianikwa kivulini kila jioni. Mpya ifuliwe peke yake mara ya kwanza na ya pili, maana nili yake itatoka, na tumeona kanzu ya Idi ya baba iliyogeuka samawati katika beseni moja na jinzi ya mwana. Igeuze ndani nje, tumia maji baridi, usiisugue juu ya jiwe, uianike kivulini. Aliyeivaa aifue mwenyewe. Mama hakununua, wala hakuulizwa.

Mvao, na neno la mwisho

Limebaki jambo la tatu, nalo ni mvao; na hili halishonwi na fundi yeyote. Suruali ile ile, ikipandishwa kiunoni na kufungwa mkanda, ni vazi la mtu wa heshima. Ikiteremshwa chini ya makalio ni aibu kwake na kwa waliomzaa. Kijana asiseme kwamba yeye ni mtu huru na mwili ni wake. Macho ya mama yake na ya dada zake nayo yana haki ya kupumzika. Mvao ni salamu: unamsalimia kila unayepita mbele yake kabla hujafungua kinywa.

Na wazee wetu nao, kwa heshima zote, twawaomba jambo moja. Mtu akiiona suruali ya mwanawe, ajiulize kwanza: kilichoniudhi ni kitambaa, ni mkato, au ni mvao? Kikiwa ni kitambaa, anyamaze, kwani hana hoja. Kikiwa ni mkato, amchukue mwanawe mpaka kwa fundi, wakae barazani pamoja, suruali ilegezwe pembeni au ipandishwe kiuno. Fedha ya fundi ni ndogo kuliko gharama ya ugomvi. Kikiwa ni mvao, amwite faraghani, baada ya chakula, amwambie kwa upole mara moja, wala si mbele ya wadogo zake. Na msikitini, anayesimama mlangoni na akumbuke kwamba aliyekuja na jinzi amekuja. Aingie asali kwanza. Baada ya salamu ya mwisho kuna wakati wa kutosha wa kumshika mkono, kumwuliza hali ya kazi, na kumpa msuli kama ana haja nao.

Nanyi vijana, msimu huu fedha zikifika, chukueni uzi wenye mafundo mawili, mwende na baba zenu sokoni. Chuchumaeni pale pale mbele ya muuzaji bila kuona haya. Na iliyokataa kuinama pamoja nanyi, iacheni hapo hapo kwenye lundo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu sitara na riziki ya halali, na awape wazee wetu subira. Amin.